Mtaa Aliozaliwa Bibi Ines

Mwanangu Salha,

Umetoka sasa hivi na baba yako kwenda Stratford kubadilisha ile plagi mliyouziwa mbovu, na nyumba yetu hapa London imetulia kidogo. Sanduku lako liko sebuleni. Limefungwa, likafunguliwa, likafungwa tena. Baba yako amelipima mara tatu kwenye mzani wa bafuni. Kila mara anapanda amelibeba, halafu anapanda peke yake, halafu anasahau kilo zake mwenyewe. Mimi nimejimiminia chai, nimekaa mezani jikoni nikuandikie kabla hamjarudi, maana mkirudi mtaongea wote kwa pamoja, na kesho asubuhi hutakuwepo.

Sitakuandikia habari za koti wala za kula. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Na ninaandika kwa Kiswahili nikijua kabisa kwamba utasoma polepole, pengine kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Hainisumbui. Ninachotaka kukuambia kimenichukua miaka zaidi ya ishirini kukisema, wewe ukikisoma nusu saa utakuwa umeniwahi.

Tangu ulipopata nafasi ya kwenda Genova, Italia, kusomea ukarabati wa majengo ya kale, umeniuliza mara nyingi: Mama, wewe uliishi kule, palikuwaje? Unaniuliza kwa Kiingereza chako, nami nakujibu kwa Kiswahili changu, na jibu ni lilelile. Vilima vingi, ngazi nyingi. Halafu nageukia sufuria. Najua ulidhani sikuupenda mji ule. Niliupenda sana. Ila kuna jambo nililifanya kule, na kila nikitaka kukusimulia uzuri wa Genova linakuja mbele, linaniziba mdomo. Leo nataka lipite kwanza.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Jirani yetu wa Tanga aliyeolewa kule alinitafutia kazi ya kumtunza bibi mmoja, jina lake Ines. Alikaa mtaa wa Maddalena, katikati ya mji wa zamani, ghorofa ya tano, jengo halina lifti. Vichochoro vya pale utaviona mwenyewe. Nyumba ni ndefu, zimekaribiana hivi kwamba ukiinua kichwa unaona mbingu kama utepe, na mchana wa saa sita kuna watu wamewasha taa. Siku ya kwanza nilipanda zile ngazi za jiwe jeusi na begi langu, nikafika juu sina pumzi, nikamkuta bibi mwembamba kitandani, nywele nyeupe zimebanwa vizuri, ananitazama upande wangu bila kunipata sawasawa. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Aliona mwanga na vivuli, na sura ya mtu akimsogelea. Miaka miwili kabla yake alikuwa ameanguka akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo hakuwa ameshuka chini. Binti yake, Franca, aliishi Torino, akija mara moja kwa mwezi.

Bibi Ines alikuwa amefanya kazi posta maisha yake yote. Alikuwa tarishi, kwa miguu, begi la barua begani, miaka thelathini na zaidi. Hakuna mlango wa mji wa zamani aliokuwa hajausukuma.

Kila siku saa nane mchana alijilaza, nami nilikuwa na mapumziko mpaka saa kumi. Mwezi wa kwanza niliutumia kukaa kwenye ngazi. Niliogopa kupotea. Siku moja akaniita.

"Unakwenda wapi saa zako za mapumziko?"

"Siendi popote, Bibi."

"Basi nenda. Na ukirudi niletee jengo moja."

Nilidhani Kiitaliano changu cha kuokoteza kimenidanganya. "Jengo?"

"Jengo moja ulilolitazama. Unieleze. Mimi siku hizi najua dari tu."

Nikaenda. Nikazunguka karibukaribu, nikarudi nikamwambia nimeona nyumba kubwa ya njano. Akaniuliza njano gani, ya limau au ya kiini cha yai? Ina madirisha mangapi? Juu ya mlango kumechongwa nini? Nikarudia kwamba ni ya njano. Akacheka. "Umeitazama kama mtu anayekimbia mvua," akasema. "Kesho rudi hapohapo."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuujua mji. Alikuwa akinitajia mtaa, akinielekeza kwa vidole juu ya shuka kana kwamba shuka ni ramani. Kushoto kwenye sanamu ya Bikira Maria iliyoko pembeni mwa ukuta, teremka, pita chini ya tao. Nilikwenda kwenye matao ya Sottoripa mkabala na bandari, wanapokaanga samaki mlangoni na harufu inakufuata mpaka kesho yake. Nilikwenda kutazama kanisa kuu lenye mistari myeusi na myeupe, mstari kwa mstari mpaka juu. Nilipanda ile lifti ya mjini inayokutoa chini, ndani ya kilima chenyewe, ikakufikisha Castelletto, nikaona paa zote za jiwe la kijivu zimejibana pamoja, bandari na kreni zake mbele, na bahari nyuma. Nilimweleza kwa mikono zaidi kuliko maneno, na nilipokosa neno alinipa yeye.

Siku moja nilimwambia nimeona nyumba ya rangi ya waridi yenye madirisha manane, na dirisha moja lilikuwa wazi, paka kalala kizingitini.

"Kesho katazame kama paka kaondoka," akasema.

Kesho yake nikaenda, paka yupo. Keshokutwa mvua inanyesha, paka yupo. Nilisimama pale nimelowa nikacheka peke yangu. Lilikuwa dirisha la kuchorwa, Salha, ukutani, na paka wake, na kivuli chake. Niliporudi Bibi Ines alikuwa ananisubiri na tabasamu. Kule kuna nyumba nyingi za namna hiyo, wewe unajua kuliko mimi jinsi zinavyofanywa. Mimi najua tu kwamba zilinitia aibu tamu.

Halafu ikaja Novemba. Baridi iliniingia kwenye mifupa, na upweke nao. Kwenye mtaa wa Prè niligundua duka la simu, lile lenye vijumba vya mbao na kiti kimoja kimoja, unaingia unafunga mlango unapiga kwenu. Nikaanza kwenda pale kila siku saa nane. Nilikuwa nampigia bibi yako Tanga, kisha nakaa palepale kwa sababu pana joto na kuna watu wanaongea lugha zao. Saa kumi ikikaribia nilipanda ngazi zetu nikiwa sijatazama kitu. Na Bibi Ines anangoja jengo lake.

Nikaanza kumtungia. Mara ya kwanza nilichanganya nyumba mbili nilizowahi kuziona, nikazifanya moja. Akaipokea. Siku ya pili nilitunga zaidi, nikaongeza kibaraza, nikaongeza simba wa jiwe mlangoni. Nikaona ni rahisi. Na simu nayo ilikuwa vilevile. Nilimwambia bibi yako kwamba naishi kwenye jumba lenye ngazi za marumaru, nina chumba kinachotazama bahari. Chumba changu kilikuwa stoo, mwanangu. Hakikuwa na dirisha hata la kuchorwa. Kwa hiyo mchana mmoja nilikuwa nawadanganya wanawake wawili wazee, mmoja namwambia ninakokaa, mwingine namwambia nilikopita, na wote wawili walikuwa hawana namna ya kuona isipokuwa kupitia mimi.

Ilikwenda wiki tatu.

Kisha siku moja Bibi Ines aliniambia, "Leo nenda mtaa niliozaliwa." Akanielekeza: mpaka lango la minara miwili, halafu uteremke upande wa Carignano, uchochoro wa tatu, namba kumi na sita. "Nitazamie kama mlango bado wa kijani."

Mvua ilikuwa inamwagika. Nikaenda kwenye simu. Saa kumi nikarudi, nikavua koti, nikakaa kwenye kiti kando ya kitanda.

"Mlango bado wa kijani, Bibi. Umebabuka kidogo chini."

"Na kizingiti?"

"Kimelika katikati."

"Umeona watu?"

"Kuna mama ameanika shuka ghorofa ya tatu."

"Kwenye mvua hii?"

"Mvua ilikuwa imekatika kidogo."

"Ghorofa ya tatu," akasema. Akafumba macho. "Ndiko tulikokaa. Mama yangu alikuwa anaanika shuka hapohapo. Zilikuwa za rangi gani?"

"Nyeupe."

"Nyeupe," akarudia, taratibu.

Na hili ndilo linaloniziba mdomo mpaka leo. Nilifurahi. Nilimtazama uso wake umelainika, nikajiona nimempa zawadi.

Halafu, macho bado ameyafumba, akasema, "Nyumba ile ilibomolewa. Mtaa mzima walibomoa, nyumba kwa nyumba, wajenge maofisi. Siku walipofika namba kumi na sita nilikuwa kazini. Nilikuwa na barua mbili za pale. Nilikuta mashine, vumbi, na wanaume wamevaa kofia ngumu. Nilisimama nimeshika barua mbili, sijui nizipeleke wapi."

Nikamwuliza, "Kama ulijua, mbona uliniacha niseme mpaka mwisho?"

"Nilitaka kuiona tena kidogo."

Nililia, Salha. Sikulia kwa kuogopa kufukuzwa. Nililia kwa lile neno. Aliniacha nikalia, hakuninyamazisha, wala hakunifokea. Nilipomaliza akauliza, "Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Basi kichwani mwangu mna wiki tatu za mji usiokuwepo. Kesho utaanza kuutoa, jengo moja moja. Na utaanza na kwetu."

Kesho yake nilikwenda kweli. Lango la minara miwili, nikateremka, nikatafuta. Palikuwa na maofisi marefu ya vioo na bustani ya zege, miti michache imepandwa kwa mstari. Nilizunguka mpaka viatu vikalowa. Nilipata kipande kimoja cha ukuta wa zamani, nyuma ya mahali pa kuegesha magari, na mti wa tini umeota kwenye ufa wake. Niliugusa. Nilihesabu hatua mpaka barabarani. Nilisoma kila kilichoandikwa. Niliporudi nilimwambia yote kama yalivyo, na nilipofika mwisho nikasema, "Sikukuta kingine, Bibi."

"Ukuta una mawe makubwa au madogo?"

"Chini makubwa, juu madogo."

"Ni ukuta wa ua la mwokaji," akasema. Akageuza uso upande wangu. "Asante." Ilikuwa mara ya kwanza kunishukuru.

Jioni ileile nilimpigia bibi yako. Nikamwambia mama, hakuna jumba, hakuna bahari dirishani, nalala stoo. Naye akasema, "Nilijua. Mtu anayekaa kwenye jumba la marumaru hapigi simu kila siku kwa sauti ya mafua." Nilicheka mpaka mwenye duka akagonga mlango wa kibanda.

Nakusimulia haya kwa sababu najua utakavyofanya. Utapiga simu Jumapili utasema uko sawa. Wakati mwingine utakuwa sawa kweli, na wakati mwingine utakuwa umekaa peke yako kwenye chumba chenye baridi ukijitahidi kutulinda. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaficha magoti yaliyochubuka nisije nikahuzunika. Najua ulikoitoa tabia hiyo. Sikukatazi, maana nitakuwa nani kukukataza. Ila ujue upande huu wa simu napo kuna mtu anayesikia mafua.

Baada ya siku ile nilitembea Genova kama sijawahi kutembea mahali. Bibi Ines alinifundisha namna yake ya kuanza. Wengine huanza na paa au nguzo, yeye alianza na kengele za mlangoni, zenye majina ya wakazi. "Soma majina," aliniambia. "Utajua nyumba imegawanywa mara ngapi, nani kafika majuzi, nani kafa na watu wake hawajapata moyo wa kumbandua." Nilikwenda kwenye majumba ya matajiri wa zamani, ambayo ukipata geti wazi unachungulia ua na ngazi pana na mti wa mlimau katikati, na kengele zikaniambia kuna madaktari wa meno watatu na wakili. Nilirudi Prè, mtaa wa lile duka la simu ambao watu walinionya nisipite, nikasoma majina ya Kisenegali, Kimoroko, na ya watu kutoka Ekwado, yameandikwa kwa kalamu juu ya karatasi na kubandikwa kwa utepe wa gundi juu ya shaba ya miaka mia. Walimu wako watakufundisha mawe, chokaa na rangi. Mimi sijui lolote la mawe. Nakuachia hilo la kengele tu.

Ikafika Aprili. Asubuhi moja ninamchana nywele, Bibi Ines akasema, "Nataka kwenda." Hakuhitaji kuniambia wapi. Nilimpigia Franca Torino, na Franca akakataa, tena kwa ukali. Ngazi zile, nyonga ile, haiwezekani kabisa. Nilimwelewa. Lakini niliporudi chumbani nikamkuta bibi ameshavaa koti, amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya mapaja, kama abiria.

Nilikaa naye pale muda mrefu. Nikimfuata Franca nakosea, nikimfuata bibi nakosea. Mwishowe nilishuka nikagonga kwa Modou, Msenegali wa ghorofa ya chini aliyekuwa akiuza mabegi bandarini. Yeye na kaka yake walipanda na kiti cha jikoni. Tulimfunga kwa shali mbili, wakambeba, mimi nikitangulia kinyumenyume. Kila ngazi ilipokata kona walipumzika, na kila alipotuliwa aliweka kiganja ukutani akataja aliyewahi kukaa nyuma ya ukuta ule na alikuwa akipata barua kutoka wapi. Modou alikuwa akijibu "ndiyo, mama, ndiyo, mama," jasho linamtiririka. Chini tulikuwa na kiti cha magurudumu nilichokwenda kuazima kanisa la mtaani. Tulipotoka kwenye mlango mkubwa wa jengo, mwanamke mwenye duka la mboga aliona, akaacha mteja wake akaja kumbusu.

Nilimsukuma mpaka kwenye ile bustani ya zege. Niliogopa sana kitakachotokea. Nilimweka karibu na ule ukuta, nikampa mkate wa mafuta wa Genova umefungwa kwenye karatasi, nikarudi nyuma hatua mbili. Akala. Alitazama juu na yale macho yake ya ukungu.

"Jua," akasema.

"Ndiyo, Bibi. Linawaka vizuri leo."

"Chumbani kwetu jua halikuwahi kuingia. Kaka yangu alikohoa mwaka mzima, kila mwaka. Nimeililia nyumba ile zaidi ya miaka ishirini, nikasahau kwamba ilikuwa giza." Akapangusa makombo kwenye koti. "Sisemi walifanya vizuri. Walifanya vibaya. Nasema jua lipo."

Ukiwa mbele ya nyumba ya kale siku moja, na watu wanabishana ibaki au iondoke, sitakuwa na la kukushauri. Nilitaka tu ulijue neno hilo la mtu aliyelala ndani.

Jumamosi Franca alikuja, na mwenye mboga alikuwa ameshamsimulia kabla hajafika ghorofa ya kwanza. Alinifokea jikoni mpaka vikombe vikatetemeka. Angeanguka je? Angekufa ngazini je? Nilisema ndiyo, ana haki, nimemkosea. Kutoka chumbani tukasikia sauti, "Nimeshuka, nimepanda, na nina njaa." Franca alitoka nje, akakaa kwenye ngazi. Nilimfuata na kahawa. Aliniambia hajawahi kukanyaga mahali pale tangu pabomolewe. Alikuwa binti mdogo, mama yake alirudi nyumbani siku ile na barua mbili mfukoni akashindwa kula, na yeye aliogopa kumwona tena namna ile. Mwezi uliofuata alikuja na mumewe, wakambeba wao wenyewe. Tangu hapo ikawa kila mwezi.

Nilikaa Genova mwaka mmoja zaidi. Kisha mama yako mkubwa Mwajuma, aliyekuwa tayari hapa Walthamstow, alinijulisha kwa kijana mmoja wa Tanga, mpole, anayependa kupima vitu. Ndiye baba yako. Siku ya kuondoka Bibi Ines alinishika mkono akasema, "Utaniandikia London ikoje." Nikasema nitaandika.

Sikuandika. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko lile la wiki tatu, kwa sababu la wiki tatu nilipata nafasi ya kulirekebisha. Kila mwezi nilisema nitaandika nikipata kitu kizuri cha kumweleza. Tulikuwa na chumba kimoja juu ya duka la nguo sokoni, ukuta una unyevu, nikaona aibu. Nikasema nitaandika tukihama. Tukahama, ukazaliwa wewe, nikasema ukianza kulala vizuri. Ikaja kadi kutoka Torino. Franca aliandika kwamba mama yake amefariki usingizini. Hakuniandikia neno la lawama hata moja. Aliandika kwamba mpaka mwisho, tarishi alipogonga chini, bibi alikuwa akiuliza kama kuna kitu kutoka Uingereza.

Mwanamke aliyepelekea watu barua miaka thelathini, Salha. Na mimi nilikuwa nangoja ukuta ukauke.

Nilikuwa na kadi ile mkononi, wewe una miezi minane, na nyumba ikanishinda. Nikakuweka kwenye kigari nikatoka. Nilitembea bila kujua nakwenda wapi, nikaanza kutazama juu kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii. Niliziona zile nyumba zetu za mitaa ya nyuma, zenye milango miwili iliyokaa pamoja chini ya tao moja, kama watu wawili chini ya mwavuli. Nilikuwa nimezipita mwaka mzima. Nikaanza kukueleza kwa sauti: tofali jekundu, juu ya dirisha kuna ua la kuchongwa, huyu kapaka mlango bluu na mwenzake kaacha vilevile. Ulikuwa unanitazama mdomo. Kesho yake tukaenda tena. Nilikuwa nakupeleka mpaka mwisho wa soko, siku nyingine tunapanda basi tunafika Edgware Road kutazama vile vibaraza juu ya mikahawa ya Waarabu, nawe unalala njiani. Nilikuwa namweleza yeye kupitia wewe, nadhani. Lakini wewe ndiye uliyekuwa unasikia. Ulipofika miaka minne ulisimama mbele ya nyumba moja ukaniuliza, kwa Kiingereza, kwa nini tofali za juu ni changa kuliko za chini. Sikujua jibu. Nilijua tu kwamba mtoto huyu atanipita.

Siku zote unawaambia watu kwamba ulianza kupenda majengo shuleni, kwa mwalimu wako wa sanaa. Nimekuacha uamini hivyo, na mwalimu yule anastahili sifa yake. Mimi sikuwa na la kujivunia mle, ndiyo maana sikusema. Sasa kadiri miaka inavyokwenda naona mambo kwa utulivu zaidi. Nimewatunza wazee hapa London tangu uanze shule. Naingia nyumbani kwa mtu asubuhi, namnawisha, namvisha, na kabla sijatoka namwambia nilichokiona njiani. Wengine hawajali. Wengine wananingoja kwa ajili ya hicho tu. Nina amani na kazi yangu, na nyumba hii, na baba yako na mzani wake.

Lipo jambo moja la mwisho, na ni siri kidogo. Wiki iliyopita, ulipokwenda kuchukua viza yako, nilikata tiketi ya Genova ya mwezi wa nne, siku sita, mtu mmoja. Baba yako nitamwambia wewe ukishafika, maana akijua leo ataanza kupima na sanduku langu. Sijarudi kule tangu nilipoondoka. Nilitaka kukuandalia orodha ya mahali pa kwenda, nikaichana. Mji wangu ulikuwa wa msichana mwoga wa miaka ishirini na minne, na nusu yake imeshabadilika. Wewe tembea wako. Potea. Uchague mtaa unaoupenda bila kuniuliza. Mwezi wa nne nitashuka kwenye treni sijui lolote, nimeshika begi dogo, na utanichukua unionyeshe unakokaa. Nitakuwa nyuma yako hatua moja, nitauliza maswali mengi, na magoti yangu yatalalamika kwenye zile ngazi. Utembee taratibu.

Nasikia ufunguo mlangoni. Baba yako anasema plagi hii mpya nayo haingii.

Mimi niliyekubeba na kukusukuma,
Mama